Fangasi wa mizizi na naitrojeni: niache urea kwenye viriba vya mikorosho?

Kitalu_Newala: Wakuu, miche yangu ya mikorosho iko kwenye mchanga mwekundu uliochanganywa na samadi. Naambiwa fangasi wa mizizi huvuta naitrojeni ya hewani, hivyo mbolea ya urea haina kazi. Ni kweli?

Udongo_Masasi: Ya hewani hapana. Hiyo ni kazi ya bakteria walio kwenye vinundu vya mizizi ya karanga, mbaazi na njugu mawe, na mkorosho hauna vinundu. Fangasi hufyonza amonia na naitreti ambazo tayari zimo udongoni. Nyuzi zake zina unene wa maikromita (sehemu ya elfu ya milimita) 2 hadi 10 tu, kwa hiyo hupenya pasipopita hata vinyweleo vya mzizi.

Ndani ya uzi naitreti hugeuzwa amonia, amonia huingizwa kwenye glutamini, kisha hutengenezwa arginini (zote mbili ni asidi amino, matofali ya protini). Hapo ndipo penye uhondo: molekuli moja ya arginini hubeba atomu 4 za naitrojeni kwa 6 tu za kaboni. Ikishafika mzizini huvunjwa kuwa urea, urea nayo huvunjwa kuwa amonia, na mmea hupokea hiyo amonia. Kaboni hubaki kwa fangasi. Mmea humlipa sukari na mafuta.

Mama_Miche_Nachingwea: Maana yake udongo ukiwa mtupu, fangasi hana cha kuleta. Samadi mbichi ni mbaya zaidi, maana vijidudu vinavyoiozesha hunyakua naitrojeni, na fangasi naye huchukua fungu lake kwanza. Miche inakuwa njano. Tumia iliyooza kabisa. Mbolea ya DAP, yenye fosforasi, usizidishe: fosforasi ikijaa, mche hupunguza kumlisha fangasi. Urea ikihitajika, gramu 5 kwa lita 1 ya maji; punje zikikaa shinani huunguza mizizi.

Kitalu_Newala: Asante mama. Mbegu ya fangasi nichote chini ya miombo, kule kunakoota uyoga?

Mama_Miche_Nachingwea: Hapana, wale ni kundi jingine, hawaingii kwenye mkorosho. Wa mkorosho hawatoi uyoga. Chota udongo wa sentimita 20 za juu pamoja na vijizizi vya nyasi, kwenye shamba lililopumzishwa, kamwe si penye mnyauko. Changanya na mchanga uliochemshwa ukapoa, panda mtama miezi 3 hadi 4, acha kumwagilia wiki 2, kisha katakata mizizi yake humo humo. Weka gramu 20 hadi 30 za mchanganyiko huo chini ya kila mbegu ya korosho ili mzizi wa kwanza upite katikati. Ukiitandaza juu ya kiriba, mzizi hauigusi.

Udongo_Masasi: Kwa macho huwezi kujua kama mbegu ya fangasi imeshika mizizini. Vijizizi vipikwe kwenye kemikali ya maabara iitwayo potasiamu haidroksaidi ya asilimia 10, vitiwe rangi kwa wino na siki, vitazamwe kwa hadubini.