Tupeane uzoefu: damu imepungua nikiwa mjamzito, nyie mliipandishaje?

Mama wenzangu, hamjambo. Mimba yangu ina wiki 24. Juzi kliniki nimepimwa damu, 8.9. Nesi akanivuta kope ya chini, akaangalia viganja, akauliza: "FEFO unameza?" Ni vile vidonge vya madini ya chuma na foliki. Nameza kila siku, sijaruka hata kimoja. "Unamezea nini?" Chai ya maziwa, ya asubuhi. Kumbe chai na maziwa vinazuia madini ya chuma yasiingie mwilini! Mjamzito anatakiwa awe na 11 kwenda juu. Nimeumia, maana nilidhani najitahidi. Mlifanyaje?

Mama wa watatu, Tanga
Pole mdogo wangu. Mimi nilianzia 8. Kidonge nikakihamishia usiku, yakishapita masaa mawili tangu nile, nashushia maji ya ndimu. Chai sinywi tena na chakula. Dagaa, maharage, matembele, vyote nakamulia ndimu. Mwezi na kitu nikasoma 10.2. Choo kitakuwa cheusi, usishtuke, ni hicho kidonge. Juisi ya bitiruti usiitegemee, chuma chake ni kidogo.

Mama Kijacho, Dar
Mimi udongo, jamani. Nilikuwa naufunga kwenye pindo la khanga, natafuna hadi kwenye daladala. Damu ikafika 7.4, ngazi tatu tu moyo unakwenda mbio. Daktari akanieleza kwamba hamu ya udongo mara nyingi inaletwa na huo upungufu wenyewe, halafu udongo nao unazuia chuma na unaweza kukuletea minyoo. Nilipewa dawa ya minyoo kwa kuwa miezi mitatu ya kwanza ilishapita. Damu ilipopanda, hamu ikaisha yenyewe. Ukiona kizunguzungu au pumzi inakata, usisubiri tarehe ya kliniki.

Wifi, Arusha
Mama mkwe alikuwa ananiletea maziwa ya moto kutoka kwa ng'ombe, eti yakichemshwa yanapoteza nguvu. Nilimwambia kwa heshima: mama, yanaweza kuwa na vijidudu vya kuharibu mimba. Sasa anayachemsha mwenyewe kabla hajaja. Nyama choma yenye damu ndani niliacha kabisa. Na maini usiyale kila siku. Yana chuma, ila vitamini A yake ikizidi inaweza kumdhuru mtoto, hasa miezi ya mwanzo.

Mwenye uzi
Asanteni sana dada zangu. Kopo la vidonge lilikuwa linakaa kando ya chupa ya chai. Nimelihamishia kitandani, pamoja na ndimu mbili. Napima tena baada ya wiki nne, nitawaletea namba.