Tangazo la jiko la presha la umeme: A, B au C?

Muuza Vyombo: Wakuu habari za saa hizi. Nauza majiko ya presha ya umeme, yale ya lita 6, mzigo una wiki ya tatu sasa umekaa, kila siku naweka stetasi watu wanaangalia wanapita. Nimeandika matangazo matatu, nichagulieni lipi litaleta wateja na msinionee huruma.

A: "Jiko la kisasa lita 6, wati 1000, programu 12, sufuria haishiki chakula, waranti mwaka 1. Bei inboksi."

B: "Weka makande, nenda kamuogeshe mtoto, ukirudi yameiva na jiko limejizima lenyewe. Hakuna kuchochea."

C: "OFA OFA!!! Zimebaki 3 tu!!! Wahi kabla hujajuta!!!"

Mama Wawili: B. Hiyo A nikiona wati 1000 naanza kusikia luku inalia hata jiko sijalinunua 😂

Mjomba K'koo: C msiidharau jamani, mi nimeuza feni sana kwa staili hiyo kipindi cha joto. Ila kijana wangu ukiandika zimebaki 3 ziwe 3 kweli, maana wateja wanakumbuka, mwezi mzima zimebaki 3 wanakugeuza kichekesho.

Dada Mapishi: Mi ninalo hilo jiko mwaka wa pili na kwa mtazamo wangu yote matatu yamekosea. Siku ya kwanza lilipotoa mvuke nilitoka jikoni mbio nikaenda kusimama sebuleni, sasa hapo ndo mteja wako alipo, anaogopa vitu viwili, litalipuka na litamaliza umeme. Hakuna hata tangazo moja lililomjibu. Sema kifuniko hakifunguki presha ikiwa ndani. Halafu ya umeme usiseme "halili umeme" maana hakuna atakayekuamini, fanya nilivyofanya mimi, nilisoma mita nikaweka maharage makavu nusu kilo bila kuloweka, dakika 45, nikasoma tena, nusu uniti haikufika. Wengi wetu uniti tunanunua 356 na kodi yake ndani, kwa hiyo ni kama 170 hivi. Mkaa wa kuivishia maharage hayohayo unanunua bei gani? Piga picha ya mita kabla na baada, weka hizo mbili na jiko lenyewe, basi.

Muuza Vyombo: Dada umeniua. Hiyo ya mita sikuwahi kuiwaza kabisa.

Bachela Ubungo: Mi B imenipita kushoto, mtoto wa kumuogesha sina. Mi natoka kazini saa 1 usiku nina njaa, niambie natupia kongoro naoga nashika simu, supu tayari. Jiko lilelile ila unaongea na mtu mwingine.

Mjomba K'koo: Kweli, andika mawili, la wenye familia na la mabachela, usiwachanganye. Na hiyo bei inboksi toa, inanikera mimi muuzaji mwenzio sembuse mteja, mtu anahisi unataka kumsoma kwanza ana hela kiasi gani.

Muuza Vyombo: Naogopa wenzangu wa mtaa huu wakiona bei wanashusha buku mbili mjomba.

Mjomba K'koo: Wanaijua tayari, tunachukua mzigo stoo moja.

Muuza Vyombo: Haya: "Maharage makavu nusu kilo, dakika 45, umeme haufiki shilingi 200, picha za mita hizo hapo. Kifuniko hakifunguki hadi presha itoke yote. Njoo dukani na maharage yako tuyapike ukiona."

Mama Wawili: Hapo sasa, hiyo ya kuja na maharage yangu imenigusa. Umeme ukikatika katikati je?

Dada Mapishi: Usifungue, yanaendelea kujipika na joto la ndani, ukirudi unamalizia dakika zilizobaki.

Bachela Ubungo: Bado sijaona bei.