Naomba ushauri: unga mweupe kwenye wanyama wa risasi wa Britains

Ndugu zangu, naishi Leicester, Uingereza, na kwa miaka 6 nimekuwa nikikusanya wanyama wa kuchezea wa madini ya risasi, hasa wa kampuni ya William Britain ya London, ambayo mwaka 1893 ilianza kusubu sanamu zenye uvungu ndani: risasi iliyoyeyushwa ilimiminwa katika kalibu, na kabla haijaganda yote, ile iliyobaki majimaji ikamwagwa, hata likabaki ganda jepesi lisilogharimu madini mengi. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, watu walipochoshwa na askari wa kuchezea, kampuni hiyo ilileta mifugo na wakulima, nami nawapenda hao kuliko vikosi vyote.

Mwezi uliopita nilinunua mnadani sanduku lenye wanyama 14. Ng'ombe na farasi wana jina la Britains tumboni, lakini nguruwe watatu hawana alama yoyote. Nitawatofautishaje na kazi za kampuni nyingine kama John Hill au Charbens, ilhali watengenezaji walikuwa wakiigana bila haya?

Linalonisumbua zaidi ni unga mweupe unaotoka miguuni mwa kondoo. Mvuke wa asidi unaotoka kwenye mbao za mwaloni hula risasi, na kabati langu (nililolinunua kwa fahari kubwa) ni la mwaloni. Je, kuwahamishia kwenye kabati la chuma na kioo kunatosha, au kondoo hao watengwe kwanza? Naogopa kuwasugua, kwa kuwa vumbi hilo ni sumu na nyumbani nina mtoto wa miaka 3.