Mwaka wa kwanza wa uhandisi: niwape mradi gani wa mikono?

fundi_maabara:

Wadau, hamjambo. Mimi ni teknisheni wa maabara ya umeme katika chuo kimoja hapa Nairobi, mwaka wa tisa sasa. Naomba ushauri, hasa kwa waliosomea uhandisi na wako kazini.

Mwezi jana niliwapa wanafunzi wapya zoezi dogo: wapime mkondo unaopita kwenye taa kutoka betri ya volti 9. Binti mmoja, mwenye akili kweli, alichukua maltimita (kifaa cha kupimia umeme), akaiweka kwenye miliampea, kisha akagusisha ncha zake mbili moja kwa moja kwenye betri, bila taa katikati. Fyuzi ya mita ikakatika. Akaniambia kwa upole, "Mwalimu, imezima." Nilipompa karatasi alichora vizuri kabisa, mita ya ampea iko ndani ya njia ya umeme, mahali pake. Kichwa kilijua, mkono haukujua. Siku hiyo nilibadilisha fyuzi saba.

Mkuu wa idara amekubali kunipa muhula ujao muda wa saa tatu kila Ijumaa alasiri, wiki 12. Wanafunzi ni 64, vikundi vya wanne wanne, shilingi 2,000 kwa kikundi. Nilifikiria seti za vile vigari vinavyofuata mstari mweusi, lakini nimeviona: wanafuata karatasi hatua kwa hatua, mwisho vigari 16 vinafanana kama mayai ya trei moja, na ukiuliza kwa nini kinakata kona, wanatazamana. Niwape mradi gani? Na kile kikundi ambacho mmoja anafanya kazi na watatu wanamulika kwa tochi ya simu, nakitibu vipi? Kuna wahadhiri wanasema ningoje mwaka wa tatu, hesabu iive kwanza. Shahada yenyewe ni miaka 5. Kumkalisha mtoto miaka miwili bila kushika koleo naona ni kumwonea.

dada_pampu:

Fundi, nimesoma swali lako nikiwa kazini nikangoja nifike nyumbani, maana nataka kulijibu kwa utulivu. Mimi ni mhandisi wa pampu za maji. Kilichonifanya mhandisi ni mradi mmoja wa mwaka wa kwanza, na aliyetupa alikuwa teknisheni kama wewe.

Kazi ilikuwa kengele ya tangi. Shida mnaijua wote: maji ya mfereji yanakuja kwa zamu, mara nyingi usiku, keateka (mtunza nyumba) anawasha pampu ijaze tangi la juu, analala. Asubuhi ukuta umelowa, maji yamefika barabarani, na wapangaji wanagawana bili. Kwa hiyo hakuna aliyetuuliza tunajenga kitu gani na kwa nini.

Vifaa vilikuwa vinaenea kiganjani: transista moja ya BC547 (swichi ndogo ya elektroniki yenye miguu mitatu: kolekta, besi na emita), rizista ya kiloomu 10 ya kupunguza mkondo, kengele ndogo, betri ya volti 9 na waya mbili za kuning'iniza ndani ya tangi. Maji yakigusa waya zote mbili, mkondo mdogo sana unapita, transista inafunguka, kengele inalia. Tulikwenda Luthuli, ile barabara ya maduka ya elektroniki mjini Nairobi. BC547 zilikuwa zimeisha dukani, muuzaji akatupa 2N3904, "ni ile ile tu." Na kweli zote ni transista za aina moja, NPN, ila miguu imepangwa kinyume: ukiielekezea macho upande wa bapa, miguu ikiangalia chini, BC547 inaanza na kolekta kushoto, 2N3904 inaanza na emita. Tulikaa siku mbili na kengele bubu. Teknisheni alipita, akatazama, akauliza neno moja, "Karatasi ya maelezo yake mmeisoma?", akaenda zake. Alikuwa ameona kosa palepale. Namshukuru hadi leo kwamba hakuligusa.

Wiki ya nne kengele ililia kwenye ndoo ya maabara, tukashangilia. Sasa hapa ndipo nataka usikie, fundi. Angetupa alama tungekwenda nyumbani tukiwa tumejifunza nusu. Akasema: ifungeni kwenye tangi la watu, mrudi baada ya wiki tatu.

Tuliifunga kwa shangazi wa mwenzetu, mtaa wa Umoja. Siku ya pili betri ilikuwa imekufa, kwa sababu tangi likijaa kengele inalia usiku kucha. Tukaweka chaja ya simu ya volti 5 badala ya betri, na swichi ya kunyamazisha kengele. Tukajiona wajanja. Lakini swichi yetu ilizima kengele peke yake. Mkondo wa kwenye maji uliendelea kupita mchana na usiku. Wiki ya tatu tangi likafurika na kengele kimya. Tulipopanda juu na kuvuta waya, ule wa upande wa chanya ulikuwa umevaa ukoko wa kijani na ncha yake imeliwa, imebaki sindano, haifiki tena kwenye maji. Wa hasi ulikuwa mzima kabisa. Tukiwa bado tunabishana, shangazi akauliza kutoka kwenye ngazi, "Hicho kilicholiwa kimekwenda wapi? Kwenye maji ninayopikia?"

Hakuna mhadhara ulioniingia kama swali hilo. Jioni ile tulifungua kitabu cha kemia bila kutumwa. Shaba ilikuwa inayeyuka kidogo kidogo kwa umeme wetu wenyewe.

Toleo la pili halikuwa na waya ndani ya maji hata moja. Tulitumia boya lenye sumaku, linapanda na maji, na swichi ndogo inayofungwa na sumaku, imezibwa ndani ya bomba la plastiki. Umeme haugusi maji.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: chagua mradi mdogo kiasi cha kujengwa mara mbili. Toleo la kwanza liwe tayari wiki ya tano, hata likiwa baya. Liende kwa watu, liharibike, lirudi. Wiki zinazobaki ni za toleo la pili. Kigari cha mstari kinaisha siku kinapotembea mezani, hakuna wa kukiuliza swali la shangazi. Ila pampu yenyewe wasiiguse, ile ni volti 240. Wao wabaki kwenye kengele.

Na watatu wa tochi: kila Ijumaa piga kura nani aeleze saketi ubaoni, na alama anayopata ni ya kikundi kizima. Wiki mbili tu, utaona wenyewe wanafundishana kwenye matatu.

mhadhiri_mzee:

Dada, nimeipenda hadithi yako, lakini nakubali nusu. Nimesimamia miradi ambayo wanafunzi walibadilisha rizista moja baada ya nyingine hadi kengele ikalia, wakaja kudai alama. Hiyo ni bahati. Mradi haufundishi hesabu kwa nguvu zake wenyewe, lazima mtu aitie ndani.

Fundi, kabla hawajaenda Luthuli waambie wapime ukinzani wa maji yenyewe kati ya waya mbili. Tuseme wamepata kiloomu 50. Ongeza rizista yao ya 10, ni 60. Betri ni volti 9, transista inakula kama 0.7 kwenye besi yake, zinabaki 8.3. Gawanya: mkondo ni karibu miliampea 0.14. Transista ikikuza mara 200, wanapata miliampea 27 hivi, na kengele ndogo inatosheka nazo. Sasa waulize, kwa chaja ya volti 5 itakuwaje? Mwanafunzi anayekokotoa kitu atakachokishika Ijumaa hasinzii. Nimeona hata wale wanaochukia kanuni ya Ohm, hiyo ya kugawanya volti kwa ukinzani, wakigombania kikokotoo.

Wanaosema ungoje mwaka wa tatu, waambie kwamba Chuo Kikuu cha Aalborg kule Denmark kimesomesha kwa miradi tangu kilipoanza mwaka 1974. Hesabu hawakuifuta, kozi na mradi vinakwenda bega kwa bega muhula kwa muhula.

bati_kamukunji:

Mwalimu, mimi si msomi wa chuo, ni fundi wa bati hapa Kamukunji. Hiyo kengele itahitaji kasha lisiloingiza mvua. Usiwanunulie, walete huku wakunje wenyewe. Wanafunzi huja na michoro mizuri, vipimo hadi milimita, lakini mchoro hauna nafasi ya kukunja. Ukikata bati sentimita 10 na ukalikunja pande mbili kufunga mshono, kasha halitakuwa sentimita 10, na kifuniko hakitaingia. Wananiuliza, "Fundi, imepotelea wapi?" Imo kwenye mkunjo.

Tena waonyeshe jiko la udongo na bati, lile lenye kiuno. Lilianza kutengenezwa hapa mapema miaka ya 1980, na wazo la udongo ndani lilitoka kwenye jiko la ndoo la Thailand. Watu wanadhani kiuno ni urembo. Kile kiuno ndicho kinachokalia chungu cha udongo juu, na chini jivu linapata nafasi na hewa inapita. Mtoto akikielewa kiuno kile, atakuwa ameanza kuelewa kazi.

fundi_maabara:

Asanteni sana, nimewasoma mara mbili. Kigari nimekiacha, tunafanya kengele ya tangi. Wiki ya kwanza na ya pili kupima maji na hesabu ya mwalimu, wiki ya tatu Luthuli, na mzee wa Kamukunji nitakuletea vikundi vinne vinne, nikubalie Jumamosi. Toleo la kwanza wiki ya tano kama dada alivyosema, na sitawaambia habari ya waya kuliwa. Ila nitawaambia wajaribu kwenye mapipa ya maji ya kufulia, si tangi la kunywa. Swali la shangazi limeninyima usingizi.

Nimeshapata ploti tatu ambazo makeateka wamekubali. Mmoja alicheka akasema hata mkileta ya kupiga filimbi nitashukuru.

Dada, swali la mwisho: lile bomba lenye swichi mlilizibaje upande wa chini? Nimejaribu leo kwa gundi ya moto, maji yakaingia baada ya saa moja.

dada_pampu:

Gundi ya moto haishiki vizuri kwenye plastiki laini, inabanduka. Tumia bomba la PVC la nusu inchi, likwaruze kwa msasa, weka kifuniko chake na gundi ya PVC, kisha uache usiku mzima kabla ya kuingiza swichi. Swichi iingie kutoka juu, waya zake zitokee juu. Na ulizamishe bomba tupu kwanza, uwe umetia karatasi kavu ndani: ukiitoa kesho yake ikiwa imelowa, ujue bado.