Nimetapeliwa na watu waliojifanya mafundi wa Microsoft, laptopu nimeizima sijui nianzie wapi, naombeni msaada

mama_wawili

Wakuu habarini za saa hizi, naandika hapa kwa sababu mpaka sasa sijamwambia mtu, mume wangu yuko safari anarudi Jumapili na nikifikiria nitakavyomweleza machozi yananitoka.

Niko Texas, nafanya kazi ya kutunza wazee zamu za usiku. Juzi asubuhi nimerudi nimechoka nikafungua laptopu nitafute keki ya ndizi inapikwaje maana mwanangu alitakiwa kupeleka kitu shuleni, nikabonyeza linki moja tu ghafla skrini nzima ikajaa maandishi, king'ora kinalia, sauti ya mwanamke inasema kwa Kiingereza kompyuta yako imefungwa usiizime, ukizima taarifa zako zote zinapotea, piga namba hii ya Microsoft sasa hivi. Nikajaribu kufunga haifungi, mshale wa mausi siuoni, watoto wamelala na kelele haziishi, nikapiga.

Akapokea mwanaume mpole sana, kila baada ya maneno mawili ananiita madam. Akaniambia nipakue AnyDesk, programu ya kumruhusu mtu aendeshe kompyuta yako akiwa mbali, nimsomee namba, akaingia, mshale wa mausi ukawa unatembea wenyewe. Akafungua sehemu imejaa alama nyekundu na njano akasema kila alama ni mdukuzi mmoja, zilikuwa mamia. Halafu kidirisha cheusi maandishi yanashuka mbio mbio, yalipofika mwisho yakaandika virusi vimepatikana. Akanisomea namba ndefu akaniambia angalia kwenye skrini yako, hiki ndicho kitambulisho cha kompyuta yako, na kweli ilikuwa ileile herufi kwa herufi, hapo ndipo nilipoamini kabisa huyu ni mtu wa kampuni.

Nikalipa dola 349 kwa kadi ya benki eti ulinzi wa miaka 3. Nikadhani tumemaliza kumbe ndiyo tunaanza, akasema mdukuzi ameshaingia kwenye akaunti yangu ya benki, pesa zangu zihamishwe kwenye kadi za zawadi, zile za dukani zenye pesa ndani ambazo anayejua namba za nyuma anazitumia, ili ziwe salama, nisikate simu, na wakiniuliza dukani niseme ni zawadi ya birthday. Nikaenda. Nikanunua moja ya dola 200 nikamsomea namba za nyuma nikiwa palepale kwenye gari, akanirudisha nikanunue nyingine tatu. Yule mama keshia akanishika mkono akaniuliza kuna mtu yuko na wewe kwenye simu? Nikashindwa hata kujibu, nikakata simu nikaondoka.

Sasa laptopu iko kabatini imezimwa. Mle ndani kuna karatasi zetu za uhamiaji, ritani za kodi zenye namba za soshali za watoto, yaani namba za utambulisho za Marekani, na picha za mama yangu marehemu za safari ya mwisho nilipoenda Tanga, sina kopi sehemu nyingine. Je bado wananiona? Pesa zinarudi? Nianze na nini jamani.

jirani_minnesota

Pole sana dada yangu. Kabla hujasoma majibu mengine yoyote chukua kadi yako ya benki, geuza nyuma, piga namba iliyoandikwa hapo, usiitafute kwenye Google maana huko nako matapeli wanaweka namba zao. Waambie nimelipa kwa ulaghai wa msaada wa kompyuta, nataka kupinga malipo na kadi hii ifungwe nipewe yenye namba mpya. Usiridhike na kupinga tu ukabaki na kadi ileile, hawa watu wanaweza kukata tena mwezi ujao au mwaka ujao. Kwa kadi ya debiti kila siku inayopita inakuumiza, kwa hiyo leo leo.

Halafu ile kadi ya zawadi ya dola 200 unayo bado na risiti? Usitupe. Nyuma kuna namba ya kampuni iliyoitoa, wapigie uwaambie imetumika kwa utapeli, kama pesa hazijachotwa kuna wakati wanaweza kuzizuia. Sikuahidi maana mara nyingi wanachota ndani ya dakika chache, ila kupiga hakugharimu kitu.

Kuhusu soshali, ingia Equifax, Experian na TransUnion, kampuni tatu zinazotunza kumbukumbu za mikopo ya watu, kila moja peke yake, ufunge taarifa zako za krediti mtu asiweze kufungua mkopo kwa jina lako. Ni bure kisheria nchi nzima tangu Septemba 2018, anayekudai hela usimlipe. Watoto nao unaweza kuwafungia, kwao kuna karatasi za kutuma kuonyesha wewe ni mzazi kwa hiyo ina usumbufu kidogo ila fanya. Na nenda IRS, mamlaka ya kodi ya huku Marekani, uombe ile PIN ya kulinda utambulisho, ina tarakimu sita na inabadilika kila mwaka, bila hiyo mtu hawezi kujaza kodi kwa namba yako kwa njia ya mtandao. Wengi hatuijui hii PIN, mimi mwenyewe niliambiwa na mtu anayenijazia kodi.

Ukimaliza ripoti kwenye ReportFraud.ftc.gov ya FTC, tume ya serikali ya Marekani inayolinda wateja, na ic3.gov ya FBI. Na mume wako mwambie leo kwa simu, usisubiri Jumapili. Wanaweza kumpigia yeye pia.

fundi_arusha

Dada pole, mimi ni fundi wa kompyuta huku Arusha miaka 11, nikueleze alichokufanyia yule jamaa ili uone hukuwa mjinga, ulionyeshwa vitu vya kweli ukapewa maana ya uongo.

Zile alama nyekundu na njano ni Event Viewer. Kila kompyuta yenye Windows inayo, hata niliyoifungua leo kwenye boksi nikiiacha iwake siku mbili itakuwa na alama kibao. Ni daftari la mashine yenyewe inaandika printa haikujibu, programu fulani ilichelewa kuwaka, mambo ya kawaida kabisa. Kidirisha cheusi ni amri ya kuorodhesha mafolda tu, inakimbia kwa sababu mafolda ni mengi, na yale maneno ya mwisho aliyachapa yeye mwenyewe wakati wewe unashangaa mistari. Ile namba ndefu je, ilianzia na 888DCA60? Kama ndiyo basi kompyuta yangu inayo, ya jirani yako inayo, Windows zote duniani zinayo hiyohiyo. Ndiyo maana alikusomea bila kukosea, alikuwa ameikariri.

Na ule ukurasa wa king'ora haukuwa virusi, ni ukurasa wa intaneti tu umetanuliwa ukajaza skrini. Siku nyingine shikilia kitufe cha Esc sekunde kadhaa, skrini ikirudi funga. Ikigoma bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, inakuja Task Manager, orodha ya programu zinazoendelea, chagua Chrome au Edge, ile unayofungulia intaneti, uiue. Ikigoma zima kwa kitufe cha kuwashia, hakipotei kitu zaidi ya ulichokuwa unaandika. Ukiwasha tena ikakuuliza nirudishe kurasa zilizokuwepo ikatae. Microsoft wenyewe wanasema ujumbe wao wa hitilafu hauwekwi namba ya simu hata mara moja, kwa hiyo ukiona namba tu umeshajua ni kina nani.

Sasa laptopu yako. Ikiwa imezimwa hawakuoni, hilo litulie moyoni. Ila usiiwashe ikiwa na intaneti. Zima ruta kwanza au chomoa, ndipo uwashe. AnyDesk yenyewe siyo programu mbaya, mafundi tunaitumia kila siku, tatizo ni kwamba mtu akishaingia anaweza kuweka paswedi yake mle ili arudi muda wowote bila wewe kumruhusu, ukiwa umelala. Nenda kwenye orodha ya programu uipange kwa tarehe, kila kilichoingia siku ile kiondoe, wengi wanaacha mbili tatu, ukiondoa AnyDesk inabaki nyingine yenye jina usilolijua. Hamisha picha na karatasi kwenye flashi, picha na PDF tu, usihamishe programu yoyote. Halafu kwa ushauri wangu ifute yote uweke Windows upya. Najua wapo watakaosema skani inatosha, lakini mgeni alikaa ndani kwako saa nzima ukiwa hujui alifungua droo gani, mimi kwa laptopu ya mteja sikubali kuirudisha bila kufomati.

Paswedi badilisha kwa simu, siyo kwa laptopu hiyo. Anza na imeili kwa sababu kwa imeili anaomba paswedi mpya za vingine vyote. Ukiwa kwenye imeili pita kwenye sehemu ya kufowadi na vichujio uangalie kama hajaweka barua zako ziwe zinakwenda kwake kimyakimya, na ondoa vifaa vyote usivyovitambua. Benki inafuata. Weka na uthibitisho wa hatua mbili, paswedi peke yake isitoshe kuingia.

kijana_wa_temeke

Dada pole sana, huku kwetu ni ile meseji ya matapeli ya "hiyo hela tuma kwenye namba hii" ikivalishwa koti. Mama yangu alipigiwa na mtu anajiita huduma kwa wateja akaambiwa laini yako inafungwa leo, akatajiwa jina lake kamili, akachanganyikiwa akataja namba ya siri mwenyewe. Kilichomponza siyo kutokujua, ni haraka. Wanakuharakisha na hawataki ukate simu kwa sababu ukikata ukavuta pumzi akili inarudi, kama ilivyorudi kwako pale dukani. Kwa walioko Tanzania meseji za namna hii zitumeni 15040 ni bure, Kenya wenye Safaricom wanatuma 333.

Na huyo mama keshia Mungu ambariki sana.

mzee_wa_columbus

Mwanangu mama wawili, nina miaka 68, mimi yalinipata mwaka juzi, na ninakuandikia kwa ajili ya kitakachokuja mbele kwa sababu hapo hakuna aliyenionya.

Baada ya kama miezi minne watapiga tena. Watasema kampuni iliyokuuzia ulinzi inafungwa, tunakurudishia dola zako 349. Utafurahi. Watakuomba waingie kwenye kompyuta, ufungue benki yako mbele yao, halafu skrini itakuwa nyeusi kidogo na ikirudi utaona umewekewa 3,490, jamaa anaanza kulia, madam nimekosea sifuri nitafukuzwa kazi, nirudishie ziada. Mimi aliniambia mzee wangu. Hakuna pesa iliyoingia. Ama wamehamisha akiba yako mwenyewe kutoka akaunti moja kwenda nyingine, ama wamebadilisha tarakimu kwenye ukurasa ule tu, ukiufungua upya zinapotea. Nilirudisha "ziada" hiyo kutoka mfukoni mwangu, na ilikuwa nyingi kuliko niliyoibiwa mara ya kwanza.

Halafu wakaja wa tatu, hawa wanajiita wanasheria wa kurejesha pesa, mmoja akadai yuko FTC. Wanataka ada kidogo kwanza. Namba yako ikishakuwa kwenye orodha ya waliolipa inauzwa. FTC ya kweli inarudishia watu kweli, mwaka 2024 kampuni mbili, Restoro na Reimage, zilikubali kulipa dola milioni 26 kwa kuwatisha watu kwa virusi vya uongo na watu wakarudishiwa, lakini hawakuombwa hata senti. Anayetaka umlipe ili akurudishie, kata simu.

Kuhusu aibu. Ripoti ya FBI ya mwaka 2023 hasara za utapeli wa namna hii zilipita dola milioni 900 na sehemu kubwa ni wazee wa umri wangu. Mimi nilimficha mke wangu wiki sita. Zile wiki sita zilimuumiza kuliko pesa. Mpigie mwenzio.

mama_wawili

Nimesoma yote nikalia kisha nikafanya moja moja, nashukuru sana sana, mzee wa Columbus shikamoo baba, nimempigia baba watoto usiku uleule. Alinyamaza kidogo halafu akauliza watoto wako salama? Basi. Akaniambia usiku wake wote atakuwa kwenye simu na mimi nikifanya haya mambo.

Benki wamefunga kadi, 349 wanachunguza, wamenirudishia kwa muda mpaka wamalize. Kadi ya zawadi nimechelewa, ilichotwa dakika tisa baada ya mimi kumsomea. Krediti nimefunga zote tatu, za watoto nimetuma karatasi leo. Fundi wa Arusha, namba ilianzia hivyohivyo, 888DCA60, nimetetemeka nilipoona umeiandika. Na kweli ulivyosema, nilipoondoa AnyDesk nikakuta nyingine ya pili imewekwa siku ileile saa ileile, jina lake hata sikulielewa. Na wamenipigia mara mbili leo, namba tofauti, sikupokea.

Swali la mwisho, picha za mama nimezihamishia kwenye flashi, ziko 412 zote zinafunguka. Naogopa kuichomeka tena kwenye laptopu nikishaifuta nikaingiza ugonjwa.

fundi_arusha

Chomeka baada ya kuweka Windows mpya na kabla hujafungua picha hata moja bonyeza flashi kitufe cha kulia uiskani kwa Windows Security, imo ndani tayari hulipii. Kwenye orodha ya mafaili ruhusu ionyeshe majina kamili, picha zinaishia na jpg au png au heic, ukikuta inayoishia na exe au lnk hiyo siyo picha, ifute hata kama ina jina la mama. Zikishatoka safi weka kopi sehemu mbili, moja hapo na nyingine mtumie ndugu Tanga akae nazo.