Mrejesho: Safari ya gari na miguu kwenye majabali ya Utah

Wakuu, nimerudi. Niliuliza namna ya kuzunguka jangwa la Utah, Marekani, kwa gari na kwa miguu. Asanteni sana mlionijibu.

Uliyesisitiza tuanze alfajiri kupanda hadi Delicate Arch, lile tao la mwamba katika hifadhi ya Arches, ubarikiwe. Ni kilomita 4.8 kwenda na kurudi, sehemu kubwa mwamba mtupu, kivuli hakuna. Tulifuata virundo vya mawe vinavyoonyesha njia. Jua lilipochomoza, tao likawa jekundu kama kaa la moto. Wakati wa kushuka tulipishana na watu wako hoi tayari.

Maji nilifanya ubishi. Mlisema lita 2 kila mtu, nikabeba moja na nusu. Yaliisha kabla hatujalifikia gari, nikabaki kudoea chupa ya mke wangu.

Kilichofeli ni Angels Landing, kilele chembamba cha mwamba katika hifadhi ya Zion, ambacho kukipanda lazima uwe na kibali. Nilitegemea bahati nasibu ya kibali ya siku moja kabla, nikakosa. Tukaishia Scout Lookout, sehemu ya kutazamia mandhari kabla ya kilele, ambako kibali hakihitajiki. Kona 21 za Walter's Wiggles, kipande cha njia kinachopanda kwa zigizaga, zilinitoa jasho la kutosha. Minyororo ya kushikilia unapopanda kileleni niliitazama kwa mbali tu. Utakayekwenda, omba kibali mapema kupitia bahati nasibu ya msimu.