Tupeane uzoefu: kuwasha mfumo endeshi kupitia mtandao kwa adapta ya USB

Mleta mada:
Ndugu wanajukwaa, kompyuta nyingi nyembamba za siku hizi hazina tundu la kebo ya mtandao, hivyo anayetaka kuziwasha kwa PXE (yaani kwa mafaili yanayopakuliwa kutoka seva ya mtandao badala ya diski) hulazimika kuchomeka adapta ya USB, na hapo ndipo kazi inapoanza. Naomba kila aliyewahi kukwama aeleze alikwamia hatua ipi, maana kusema "imegoma" tu hakumsaidii mtu.

Naanza mimi. Adapta iliwaka taa zote, tena ndani ya mfumo uliokwisha kusakinishwa ilifanya kazi vizuri, lakini kwenye menyu ya kuwashia hapakuwa na chaguo la mtandao hata moja. UEFI, programu ya ubao mama inayoanza kabla ya mfumo endeshi, haizijui draiva za mfumo huo. Hutegemea zile zilizomo ndani yake yenyewe, na ya kwangu haikuwa na draiva ya chipu ile. Nilipoazima adapta yenye chipu ya RTL8153, chaguo la IPv4 lilijitokeza papo hapo. Hata hivyo, kabla ya kutafuta adapta nyingine, zimeni kwanza mpangilio wa kuwasha haraka, kwa sababu unaweza kuruka ukaguzi wa vifaa vya USB.

Mchangiaji wa pili:
Kwangu hatua hiyo ilipita salama. Keneli (kiini) ya Linux na initramfs (furushi la mafaili ya mwanzo ambalo keneli hulitumia kabla ya kufikia diski) vilishuka kwa TFTP, njia rahisi ya kupakua mafaili mtandaoni, maandishi yakaanza kukimbia kwenye skrini, kisha mashine ikadai kwamba haina mtandao, ilhali muda mfupi uliotangulia ilikuwa imepakua mafaili hayo kwa kebo ileile. Keneli ikishashika usukani, draiva ya UEFI haitumiki tena. Keneli huhitaji ya kwake, nayo ni lazima iwemo ndani ya initramfs, kwa kuwa diski ya NFS (iliyo kwenye seva) yenye draiva nyingine haiwezi kufikiwa bila mtandao. Amri ya "ip link" ilionyesha "lo" (kiungo cha ndani cha mashine yenyewe) peke yake, na hiyo ndiyo dalili ya kuitafuta. Kwa kuwa natumia Debian, niliandika r8152 (draiva ya chipu ya RTL8153) kwenye /etc/initramfs-tools/modules, nikaendesha "update-initramfs -u", kisha nikanakili faili jipya kwenye seva ya TFTP (bila kunakili, mashine itaendelea kupakua lile la zamani). Wenye chipu ya AX88179 watafute draiva ya ax88179_178a. Jina lililoandikwa kwenye ganda la adapta lisiwadanganye, aminini amri ya "lsusb", inayoorodhesha vifaa vya USB.

Mchangiaji wa tatu:
Kwa upande wa Windows ni yaleyale: draiva huingizwa kwa zana ya DISM ndani ya boot.wim, faili lenye WinPE (Windows ndogo ya kusakinishia), la sivyo WinPE itafunguka vizuri na kukaa bila anwani ya IP.

Mchangiaji wa nne:
Naomba swichi nayo ichunguzwe. Kila hatua mpya inapoishika adapta, kiungo huweza kukatika na kurudi, na swichi yenye spanning tree (kinga dhidi ya mizunguko ya mtandao) ya zamani hushikilia poti kwa sekunde 15 za kusikiliza na 15 za kujifunza kabla ya kupitisha data. Ombi la DHCP (la kupewa anwani ya IP) huisha muda kabla poti haijafunguka. Niliendesha tcpdump, zana ya kutazama data inayopita, kwenye seva kwa poti 67 ya DHCP, sikuona ombi lolote; nilipoweka swichi ndogo isiyo na mipangilio katikati, mashine ikawaka, kwani poti ya swichi kubwa haikukatika tena. Dawa ya kudumu ni kuwasha portfast, mpangilio unaoondoa kusubiri huko, kwenye poti za watumiaji. Ni ajabu jinsi adapta zinavyosingiziwa katika jambo hili.

Mchangiaji wa tano:
Anayehamisha adapta moja kati ya mashine nyingi aangalie pia anwani ya MAC (namba ya utambulisho ya kifaa cha mtandao). Seva iliyosajili mashine kwa MAC itaipa ya pili jina na mipangilio ya ya kwanza, kwa sababu anwani hiyo ni ya adapta. Sisi tumehamia kuzitambua kwa UUID (namba ya kipekee) ya ubao mama. Na kwa wanaotumia iPXE, programu huria ya kuwasha kwa mtandao, jaribuni faili la snponly.efi badala ya ipxe.efi: snponly.efi hutumia draiva ya UEFI iliyokwisha kufanya kazi, badala ya kutafuta ya kwake ambayo huenda haimo.